Mke wa Nyigu

Wifi yangu Sekela alishuka kwenye gari la Kampuni akiwa amevaa glovu, akanipa mkono bila kuivua. Kwetu Lihombo, mtu akikupa mkono wa namna hiyo anakuambia una ukoma. Nami nilitoka shambani, mikono imejaa udongo. Nikampa wangu hivyohivyo, nikaubana wake vizuri mpaka glovu nyeupe ikawa ya kahawia.

"Za hapa, wifi?"

"Nzuri. Kampuni hawajambo?"

"Unisamehe kwa glovu. Nimebeba kitu ambacho sitaki kikuguse."

"Si ungekiacha hukohuko."

Hakucheka. Sekela hacheki, ni mtu wa kukutazama kama anakupima urefu. Tangu aende kusoma alikuwa amerudi nyumbani mara mbili tu: kumzika mama yao, na siku ya kuzindua nyuki wa bati, alipokaa meza kuu na sisi tukapigwa na jua upande wa pili wa kamba.

Nisimnyime haki yake, hao nyuki walitusaidia. Nyuki wa kweli walitutoka nikiwa msichana. Wako waliosema ni dawa za mashambani, wako waliosema ni joto. Mimi najua mizinga ilibaki mitupu, na nilipoolewa nikamkuta Obadia mume wangu anatazama mitufaa ya baba yake inachanua na kupukutika bila kushika hata tunda. Miaka mitatu tuliishi hivyo. Kisha dada yake, injinia wa Kampuni, akatuletea wadudu wa kutengenezwa, kila mmoja sawa na ukucha wa kidole gumba, mgongo wake kioo cha kunywea jua. Walitoka asubuhi, wakapita ua kwa ua, jioni wakarudi mzingani kupata chaji. Mitufaa ikazaa mpaka tukaegemeza matawi kwa miti.

Hiyo ilikuwa zamani. Msimu uliopita tulivuna matufaa ya kujaza beseni.

"Nipeleke uwandani," alisema Sekela. Chai nilikuwa nimeshainjika. Nikaiacha ichemkie huko.

Tulipanda, mimi mbele. Uwanda wa Lihombo uko juu ya kijiji, nyasi tupu na ukungu, na ndani ya nyasi ziko okidi za kila aina. Wanawake wa huku tunaishi kwa hizo. Tunachimba viazi vyake vidogo, tunavianika, tunavisaga, tunapika na unga wa karanga na magadi mpaka vishikamane, tunakata vipande. Hiyo ndiyo chikanda. Wanaoipenda wanavuka mpaka kuja kuitafuta.

Mke wa nyigu si wa kuchimbwa. Kiazi chake ni kichungu kama kwinini. Ni okidi pia, lakini ua lake limeumbwa kama nyigu jike aliyetua: mwili wa kahawia wenye manyoya, doa la buluu linalong'aa katikati mfano wa mbawa zilizokunjwa, hata vipapasio vipo. Na harufu yake ni ya nyigu jike anayetaka mume. Wewe huisikii. Utotoni tulikuwa tunalala kifudifudi kuangalia dume linavyokuja mbio kutoka ng'ambo ya bonde, linamkumbatia, linahangaika weee, halafu linaondoka limebandikwa vidonge viwili vya chavua kwenye paji la uso, kwenda kudanganywa na ua la pili. Halipewi asali, halipewi chochote. Ua linapata mbegu, dume linapata aibu.

Nyigu nao wakatoweka kama nyuki. Tukajua na mkewe atafuata.

Sasa sikia alichofanya wifi yangu. Nyuki wa bati anahitaji kitu cha kumwita nyumbani kabla nguvu haijamwishia. Sekela akachagua harufu. Na katika harufu zote za dunia akachagua ileile aliyoilalia kifudifudi utotoni, kwa sababu hakuna mwito alioujua unaosikika mbali zaidi. Akaitengeneza maabara, akaipaka midomo ya mizinga. Kuhusu ua lenyewe alisema hadharani, meza kuu palepale, kwamba limebaki mabua machache na halina wa kulipandia mbegu. Kijiji kizima kilimsikia.

Tulipofika juu alisimama. Nadhani kwenye picha walizotumiwa huko Kampuni haikuonekana hivi. Uwanda ulikuwa umegeuka rangi. Wake wa nyigu walikuwa wamesimama bega kwa bega mpaka pale ukungu unapoanzia, na kwenye kila ua la pili alikuwepo nyuki wa bati, amekumbatia.

Sekela alipiga magoti akambandua mmoja. Miguu yenye kulabu ilitoka na vipande vya ua. Kwenye paji la uso alikuwa na vile vidonge vya njano, vingi, vimerundikana juu kwa juu. Taa yake ndogo ya tumboni iliwaka kwa shida.

"Anadhani yuko nyumbani," alisema. "Anasukuma apate chaji. Haipati, anakwenda kwenye ua jingine, anasukuma tena."

"Tunajua. Ndiyo maana shambani kwa kaka yako hawafiki."

Alimshika kiganjani mpaka taa ikazimika. Akamfunika kwa kiganja cha pili. Kwa mtu asiyecheka lilikuwa jambo kubwa, na mimi sikumhurumia hata kidogo.

Wenzangu walikuwa wakifanya kazi upande wa kushoto. Kampuni ilikuwa imetuomba, mwaka mmoja kabla, tumng'oe mke wa nyigu uwanda mzima, na sisi wachimbaji tuling'oa kwa moyo, maana waume zetu ndio wenye mitufaa. Kadiri tulivyong'oa ndivyo alivyozidi. Nilichukua kijiti changu cha kuchimbia nikainama, Sekela aone kwamba huku hatukai tu tukisubiri gari lake. Nikang'oa mmoja na kiazi chake. Bua lake la mwaka uliopita lilikuwa bado limesimama kando, kavu, lina vifuko vya mbegu. Nikalivunja, nikalikung'uta juu ya shimo, unga ukamwagika, nikafukia kwa kisigino. Nikaenda kwa wa pili.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimeng'oa."

"Baada ya kung'oa. Lile bua."

"Nimerudisha."

Alinitazama kana kwamba nimesema Kichina. Nikashangaa, maana mama yake alikuwa mchimbaji. Uwanda huu huchukui kitu ukaacha shimo tupu. Ukitoa kiazi, unakung'uta kifuko cha mbegu pale ulipotoa, unafukia, unakwenda zako. Hakuna mchimbaji anayefikiri anapofanya hivyo. Mkono unakwenda wenyewe. Bila hivyo chikanda ingekwisha tangu enzi za bibi zetu.

"Wote mnafanya?" aliuliza.

"Wote."

"Tangu tulipowaambia mng'oe?"

"Tangu siku hiyo."

Sekela alikaa chini kwenye nyasi zenye umande, na suruali yake nzuri. "Wifi, kifuko kimoja kina mbegu nyingi kuliko watu wa mkoa huu. Ni vumbi, zinaruka. Zamani vifuko vilikuwa vitupu kwa sababu nyigu hawakuwepo. Sasa vimejaa, nyuki wangu wamevijaza. Na ninyi mmevizika kimoja kimoja kwenye udongo uliolimwa." Aligeuza uso kuutazama uwanda. "Hili hamkuling'oa. Mmelipanda."

"Ulituambia tung'oe. Hukutuambia tusirudishe."

"Nani anang'oa gugu halafu analifukia na mbegu zake?"

"Mtu aliyefundishwa na mama yake. Wewe ulifundishwa na nani?"

Hapo nilimchoma, na nilikusudia. Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji. Mimi ndiye niliyewapanga wale wanawake kwa mistari, asubuhi baada ya asubuhi, na kuwakemea waliokuwa wavivu kufukia.

*

Sekela alimwambia kaka yake wakati wa chakula cha mchana, kabla sijamaliza kunawa mikono.

Obadia alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani taratibu, akalitengeneza kama anataka lisahaulike kwamba liliwahi kumegwa. Mume wangu ni mtu mpole. Mitufaa yake anaijua mmoja mmoja, huu uliungwa na baba, huu ulinusurika na barafu. Akikasirika haongezi sauti, anapunguza.

"Kumbe ni ninyi," alisema.

"Ni sisi na harufu ya dada yako," nilimjibu. "Usimruke."

"Sijamruka. Yeye amekuja na dawa. Wewe umekuja na nini?"

Sekela alikuwa ameweka juu ya meza yangu chupa ya chuma yenye kifuniko cha kufunga kwa ufunguo. Aliizungumzia kwa sauti ya darasani, na kwa vile sikuwa na pa kwenda nilisikiliza. Ndani mlikuwa na kuvu. Okidi haiwezi kuota yenyewe, alisema. Mbegu yake haina akiba hata ya siku moja, inalelewa na ukungu fulani ulioko udongoni, ndugu wa kuvu, si huu wa hewani, na hata ikikua kiazi chake kinaendelea kunyonya huko. Kuvu la kwenye chupa linaula ukungu huo. Lingemwagwa mahali nyuki wa bati wanapokanyaga wakitoka mzingani. Wao wenyewe, kwa kuwa wanaitwa, wangelipeleka kwenye kila mke wa nyigu, hata aliyejificha korongoni. Mvua ingeliteremsha kwenye mizizi.

"Anawaita," alisema Sekela, "basi waende."

"Na matufaa?" Obadia aliuliza.

"Hayana shida. Hilo nimelijaribu misimu mitano. Naweza kuapa."

Nilimwamini. Mtu huyu ana mabaya yake, lakini hadanganyi kwenye kazi. Ndiyo maana niliuliza lile lingine.

"Na chikanda?"

Aliigeuza chupa yake juu ya meza.

"Nimekuuliza, wifi."

"Okidi zote za huku zinategemea ukungu wa jamii moja."

"Sema kama tuko nyumbani."

"Zitakufa zote. Si mwaka huu. Mwaka wa pili, wa tatu, udongo utakuwa hauna wa kuzilea. Na hazitarudi."

Nje kuku walikuwa wakigombania maganda ya viazi. Nilisubiri mume wangu aseme neno. Alichosema ni hiki: "Chikanda ni chakula cha njaa, Mama Tabitha."

"Ndicho ulichokula miaka mitatu mitufaa yako ikichanua bure. Tabitha alisomea hichohicho. Nilikuwa nakusikia unakisifia."

"Sijasema kibaya. Nasema Nikodemu Ilomo ameshanoa shoka. Akikosa mwaka huu anakata shamba zima anahamia mjini, na nyuma yake wako wengine. Nani atabaki hapa? Wewe na maua yako?"

Hilo lilikuwa kweli na liliniuma. Nyumba nne jirani zilikuwa zimeshafungwa kwa misumari. Nikamgeukia Sekela kwa sababu ilikuwa rahisi kumchukia yeye kuliko kumjibu Obadia.

"Wabadilishie harufu nyuki wako."

"Pua zao zimechomelewa kiwandani. Wapya watachukua misimu miwili, mitatu."

"Basi wazime. Maua ya kwanza yanafunguka wiki hii. Tuchavushe kwa mkono, kwa manyoya ya kuku, kama walivyofanya kina baba mkwe mwaka ule nyuki walipotutoka. Mke wa nyigu akikosa wa kumdanganya atakufa peke yake polepole, wengine wabaki."

Hapo nilimwona Sekela anabadilika rangi. Alisema hawakutengenezwa kulala. Kuna chombo kituoni wanakiita malkia, ndicho kinachoshika kumbukumbu yao yote, kila shamba, kila njia, kila kosa walilojifunza kutolirudia. Malkia akizimwa nyuki wote wanasahau, na hakuna wa kuwaamsha.

"Ni miaka kumi na miwili, wifi. Sina mume, sina mtoto. Nina hao."

"Kwa hiyo wako wasiguswe, wangu wafe."

Alifunga chupa yake mkobani. Obadia alinawa mikono, hajala, akasimama mlangoni akitazama mitufaa.

Nilijua kwa nini bado wananibembeleza. Uwanda ni wa kikundi chetu kwa sheria. Hakuna kinachomwagwa juu yake mpaka mwenyekiti aweke kidole gumba kwenye kioo cha malkia, pamoja na cha injinia. Wangeweza kuwa na chupa mia, bila kidole changu zilikuwa maji.

"Kesho asubuhi utaweka," alisema Obadia bila kugeuka.

"Siweki."

"Nimesema utaweka."

*

Nilikwenda kituoni kwa miguu yangu, msije mkasema niliburutwa. Nilitaka kukataa mbele za watu.

Kituo ni nyumba ya bati kwenye ukingo wa uwanda, mizinga imepangwa juu ya paa na kuzunguka kuta, kelele yake unaisikia kabla hujaiona. Wenye mashamba walikuwa wamejaa mpaka nje. Mbele alikuwepo Nikodemu Ilomo, mwenyekiti wao, mkasi wa kupogolea umening'inia kiunoni kama kawaida yake. Niliwasalimia. Wachache waliitikia. Obadia alikuwa amewaambia habari ya vifuko, na mume wangu hajui kusimulia jambo nusunusu.

"Shemeji," alianza Nikodemu, "mwaka mzima mmetupandia magugu."

"Tumekosea."

"Mmekosea. Sisi tumekula kosa lenu na watoto wetu."

"Nami nimelila, Bwana Ilomo. Silali mbali na mitufaa."

"Basi weka kidole tumalize."

Sekela alikuwa amesimama kando ya malkia, ambaye kwa sura ni sanduku tu la chuma lenye kioo juu. Chupa ilikuwa imeshaunganishwa na mfereji wa mizinga. Kidole chake alikuwa ameshakiweka. Nusu ya kioo ilikuwa ya kijani, nusu nyeusi ikinisubiri.

Nilisema niliyokuja kusema. Nilisema kosa la wachimbaji nalibeba, na wachimbaji tutalilipa kwa mikono. Msimu wa kuchimba na msimu wa mitufaa kuchanua ni mmoja, tutauacha wetu. Hatutachimba kiazi hata kimoja. Kila mwanamke wa kikundi atakwea miti, shamba kwa shamba, na unyoya mkononi, mpaka ua la mwisho. Ila nyuki wazimwe, na chupa hiyo irudi ilikotoka.

Walicheka. Si wote, ila wa kutosha. Mmoja alisema mama zetu hao wakianguka kwenye matawi nani atawaokota. Nikodemu hakucheka, alikuwa anahesabu kichwani, nilimwona, na hesabu ilimkataa.

"Mikono hiyo haitafika nusu ya maua. Unajua."

"Itafika zaidi ya hao wadudu wanaofia uwandani."

"Leo wanafia uwandani. Akimwaga dawa, mwakani wanarudi kwetu wote." Alifungua mikono. "Nami sina haja ya kubishana na mtu aliyetupandia gugu. Baba Tabitha, mkeo huyu."

Mtu mmoja alifunga mlango. Sikuogopa bado. Nilidhani Obadia atasema tutoke, tukaongee nyumbani.

Obadia alikuja akanishika kifundo cha mkono.

Alinishika kama anavyoshika tawi analotaka kulikata, kwa utulivu, akijua pa kushika. Nilivuta. Akaongeza mkono wa pili. Ndoa yetu ina mtoto aliyemaliza shule, na mtu huyu hakuwahi kunigusa hivyo, na uso wake ulikuwa umelowa machozi, jambo ambalo mpaka leo silihesabu upande wake. "Weka tu, Mama Tabitha," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Weka tu. Weka." Alinikunjua kidole gumba kutoka kwenye ngumi. Niliona aibu kuliko nilivyoona maumivu. Watu waliokula harusi yangu walikuwa wamesimama wanatazama kioo, si mimi, wanangoja kiwe kijani.

Sikupiga kelele. Nilimtazama Sekela. Sikuwa na mwingine wa kumtazama.

"Wifi," nilisema.

Alikuwa amekodoa macho, si usoni kwangu, bali kwenye mikono ya kaka yake. Kidole changu kilikuwa kimebakiza unene wa karatasi kufika kwenye kioo. Kisha akageuka, akafungua mlango mdogo ubavuni mwa sanduku, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kuvuta. Alivuta mara mbili, kwa nguvu. Mara ya tatu aliguna, na kitu kikatoka na nyaya zake.

Kelele ilikoma. Nilikuwa sijawahi kusikia mahali pale bila ile kelele. Halafu nyuki waliokuwa hewani wakaanza kuanguka juu ya bati, wachache, kisha wengi pamoja kama mvua ya mawe, mpaka tukainamisha vichwa sote. Ilichukua muda. Kulipotulia tena, kioo kizima kilikuwa cheusi.

"Sasa kiweke," Sekela alimwambia kaka yake. "Kiweke hicho kidole. Hakuna wa kuibeba dawa."

Obadia aliniachia. Aliangalia mikono yake, akaificha nyuma.

Nikodemu ndiye aliyezinduka wa kwanza. Alimwendea Sekela, na sidhani kama alijua kwamba mkasi umeshatoka kiunoni na uko mkononi. Wengine wawili walikuwa nyuma yake. Sekela hakukimbia. Alikuwa amekumbatia lile pande la chuma lenye nyaya, amebaki hivyo.

Nilisimama katikati. Simpendi wifi yangu, sikumpenda siku ile na hata sasa tunasalimiana kwa sababu ya Tabitha. Lakini nilisimama.

"Asiguswe mtu," nilisema.

"Ameua mavuno yetu huyu."

"Ndiyo. Na kesho asubuhi ana miti ya kukwea. Ukimvunja mkono nani ataikwea, wewe na goti lako bovu?"

Nikodemu alinitazama, akamtazama, akautazama mkasi. Nje, mtu aliyekuwa hajui kilichotokea alikuwa akiuliza mbona nyuki wanaanguka. Taratibu watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakikanyaga wale wadudu mlangoni, nao wadudu wakilia chini ya miguu kama changarawe.

Sekela alifungua mdomo.

"Usinishukuru," nilimwambia, "na mimi sikushukuru. Kwangu hulali, tafuta pengine. Alfajiri uwe kwenye shamba la Ilomo na unyoya wako, uanzie miti mirefu."

Akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa analia, na nikamwacha alie, vitu vyake vilikuwa vimekufa.

Obadia alibaki ukutani, hathubutu kupita mbele yangu wala kutoka. Kifundo changu kilikuwa kimeanza kuvimba. Nilikinyanyua akione, nikakishikilia hapo mpaka akakitazama.

"Na wewe," nilimwambia, "utatushikia ngazi. Nimeona mikono yako inavyojua kushika."

Alitoka kwenda kuitafuta ngazi.